Gari yako ya kulala inanuka dizeli? Tafuta tone linapozaliwa kabla hujanunua spea

Wakuu habari za leo. Hii nawaandikia wote wenye gari za dizeli huku kusini, Mtwara na Lindi, ila hasa wale wenye gari za kulala, yaani Coaster au basi dogo lililotolewa siti likafungwa kitanda, jiko la gesi, makabati na tenki la maji. Kuna watu wanazunguka nazo msimu wa korosho kufuata minada, na wageni nao wanaingia na za kwao pale Daraja la Umoja, Mtambaswala, wakitokea Msumbiji. Gari ya kawaida ikivuja dizeli unapoteza mafuta, lakini gari ambayo mtu anapika humo humo na analala humo humo ikivuja unahatarisha watu wako, kwa iyo msilichukulie poa.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: pale tone linapodondokea sipo linapovujia. Dizeli inatambaa sana, inashika paipu, inafuata chesisi, na gari ikitembea upepo unaisukuma nyuma, mwisho inakuja kudondoka mita mbili kutoka ilikotokea. Fundi anainama anaona tenki limelowa anasema mzee tenki limetoboka hili, tenki linashushwa, linachomelewa, hela inatoka, kesho yake pamelowa vile vile. Kuna watu wameuziwa pampu nzima ya dizeli wakati kilichokuwa kinavuja ni washa ya kopa (kile kipete cha kuzibia kwenye maungio), na huku kwetu pampu lazima iagizwe Dar ije na basi, yaani inauma. Usikubali kubadilisha kitu chochote mpaka umeona kwa macho yako sehemu ya JUU kabisa na ya MBELE kabisa iliyolowa, hapo ndo tone linapozaliwa.

Kabla hujaingia uvunguni funga mtungi wa gesi, na sio kuzima jiko tu, funga mtungi wenyewe, halafu fungua milango na madirisha yote, watoto wakae mbali na asisogee mtu na sigara. Watu wanasema dizeli haiwaki kama petroli, ni kweli haishiki haraka, mvuke wake unaanza kukubali moto ikishapata joto la nyuzi 50 na kitu, lakini ikimwagikia ekzosi ya moto inaweza kuwaka yenyewe bila cheche yoyote ikifika nyuzi 200 na zaidi, na manifodi (pale ekzosi inapoanzia kwenye injini) ya injini iliyotoka kupandisha mlima wa Newala na mzigo inapita hapo bila shida. Kwa iyo injini ipoe. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, sio nyuma ya magunia, na zimamoto ni 114.

Sa tuanze. Cha kwanza hakikisha ni dizeli kweli. Jioni tandika boksi kavu chini ya gari, kubwa, kutoka injini mpaka tenki, weka alama ya chaki tairi la mbele liko wapi ili asubuhi ujue doa liko chini ya kitu gani. Gari za kulala zina maji mengi, kuna tenki la maji, bomba la sinki, AC nayo inadondosha maji, usije ukafukuza maji ukidhani ni mafuta. Chukua tone weka kwenye karatasi nyeupe: maji yatakauka na hayaachi kitu, dizeli inaacha doa linaloonyesha mwanga ukiinua karatasi juani na harufu yake unaijua, oili ya injini nyeusi na nzito, ya stelingi mara nyingi ina wekundu, maji ya rejeta yana rangi ya kijani au pinki. Ukiwa na wasiwasi bado dondoshea kwenye beseni la maji, mafuta yatatanda juu na rangi za upinde wa mvua.

Cha pili ni kujiuliza INAVUJA SAA NGAPI, na hapa usiharakishe mana jibu lake linakupunguzia nusu ya kazi.

Kama imepaki imezimwa usiku kucha na bado inadondosha, tatizo mara nyingi liko chini ya usawa wa mafuta kwenye tenki, yaani tenki lenyewe, ile plagi ya kumwagia uchafu, au mipira iliyo chini chini. Kama imepaki iko kavu lakini ukiwasha ndo inalowa, angalia pampu kwenda mbele, paipu za nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini) na mipira ya ritani (inayorudisha dizeli tenkini). Kama asubuhi inagoma kuwaka, unapiga stata weee mpaka betri inachoka, afu ikishawaka inatembea vizuri, na chini pakavu kabisa, hiyo inavuta hewa, nitaielezea chini.

Na kama inanuka tu siku umetoka sheli umejaza ful tenki, afu baada ya kutembea kama kilometa 100, tuseme umetoka Mtwara umefika Lindi, harufu imeisha, usiguse injini kabisa, tatizo liko juu ya tenki: mpira wa mdomo wa kujazia, mpira wa kupumulia, au gasketi ya geji (kile kinachopima mafuta ndani ya tenki). Tena kuna jambo la joto. Dizeli ya sheli inakaa ardhini imepoa, ukiijaza mpaka kwenye mfuniko ukapaki juani Mtwara hii inatanuka, lita 100 zikipanda nyuzi 15 tu zinaongezeka lita moja na kidogo, sasa hiyo lita itaenda wapi? Inatokea kwenye mfuniko au kwenye mpira wa kupumulia, hasa ukipaki kwenye mteremko upande wa mdomo ukiwa chini. Hapo gari haina ugonjwa, acha tu nafasi kidogo unapojaza.

Cha tatu OSHA. Najua mtu ana haraka, lakini ukitafuta uvujaji kwenye injini yenye tope na mafuta ya miaka unajichosha bure. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi, osha kuanzia tenki, fuata paipu zote mpaka injini, funika alternata na fyuzi na nailoni, usitumie petroli kuoshea hata ukiambiwa inakata mafuta vizuri, inakata kweli ila inaweza kukuunguza. Ila kabla hujaosha piga picha kwanza, mana vumbi ni ushahidi. Wewe uliyetoka Masasi au Newala lile vumbi jekundu linakwama palipolowa linakuwa kama uji mweusi, ule mstari wa uji ufuate kwenda juu, pale unapoanzia ndo mtuhumiwa wako wa kwanza.

Ikishakauka kabisa nyunyizia poda ya mtoto sehemu zote unazoshuku, au paka chaki, unga wa muhogo nao unafaa kama poda haipo. Washa gari iungurume kama dakika kumi, zima, chukua tochi uangalie. Dizeli ikitoka hata kidogo sana poda inabadilika rangi hapo hapo na utaona kamstari kembamba kakishuka. Mbali na feni na mikanda lakini, na usimwage poda karibu na tundu la hewa la injini.

Kwenye gari za kulala anza na juu ya tenki, nasema hivi kwa kusisitiza mana ndo sehemu inayosahaulika. Aliyefunga kitanda na sakafu ya plaiwudi mara nyingi kafunika kile kifuniko cha kukagulia geji, hakuna anayepaona tena. Pale juu kuna mpira wa kwenda, mpira wa kurudi, na gasketi, na ndo panapotoa harufu ya ndani kabisa. Kama huwezi kufika itabidi ukate tundu kwenye plaiwudi uweke mfuniko wa skrubu, lakini jua kwanza tenki liko wapi kwa kupima kutoka chini, na ukate na msumeno wa mkono, sio mashine ya umeme inayotoa cheche, na angalia skrubu za kitanda pia, kuna gari skrubu ndefu ilipita sakafu ikawa inasugua mpira kila gari ikitikisika.

Zile zilizotoka Ulaya zina kitu kingine, hita ya dizeli ya kupashia joto ndani. Mtwara nani anawasha hita? Hakuna, kwa iyo mwenye gari anasahau kama ipo, lakini inachukua mafuta kwenye tenki hilo hilo kwa kapaipu kembamba sana na vipande vya mpira kwenye maungio na kapampu kake kadogo uvunguni, na ile mipira inakaa miaka inakauka na kupasuka. Kafuate kale kapaipu mwanzo mpaka mwisho, na kama huna mpango wa kuitumia hita mwambie fundi aiondoe na azibe vizuri pale kwenye tenki, asikunje mpira na kufunga waya.

Ukiwa chini angalia kila mahali paipu ya chuma inaposhikwa na kilipu. Sisi wa pwani tunaumwa na chumvi. Gari inayokaa Mikindani, au iliyopelekwa kutembea kwenye mchanga kule Msimbati, au inayopaki jirani na gari za samaki zinazomwaga maji ya barafu na chumvi, mchanga wenye chumvi unajificha ndani ya kilipu na kutu inaanzia hapo hapo, nje paipu inaonekana nzima, ukifungua kilipu imebaki kama karatasi. Fungua kilipu moja moja, futa, kwaruza taratibu na kucha. Na ukitoka ufukweni osha uvungu kwa maji baridi ya bomba siku ile ile.

Sasa hii ya kuvuta hewa. Gari nyingi za zamani, mfano zenye injini ya Toyota 1HZ, hazina pampu ya umeme ya kusukuma mafuta kutoka kwenye tenki, pampu ya injini yenyewe ndo inavuta. Maana yake injini ikinguruma upande ule hausukumi mafuta nje, unanyonya. Kitundu kidogo hakidondoshi kitu ila kinaingiza hewa, ukizima mafuta yanarudi tenkini, asubuhi pampu iko tupu. Ukibonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta ukaikuta laini na unapiga mara nyingi ndo ikaze, jua hewa imeingia.

Kuipata fanya hivi: nunua kipande cha ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanapimia levo, kiingie kwenye mpira wa mafuta vizuri, funga na kilipu, weka baada ya filta kabla ya pampu, washa uangalie. Mwanzoni povu kidogo kawaida, lakini mapovu yakiendelea kupita hewa inaingia nyuma ya hapo. Hamishia ule mpira kabla ya filta. Mapovu yakiisha hapo basi ni filta yenyewe, oringi yake (pete ya mpira ya kuzibia) au ile pampu ya mkono imepasuka mpira wa ndani, yakiwepo bado rudi nyuma kuelekea tenki. Ukimaliza utoe, usiuache, dizeli inaukausha unapasuka.

Ukitaka uhakika zaidi chukua dumu la lita tano safi na kavu, weka dizeli safi, liweke juu kuliko pampu, lisigusane na kitu cha moto, chomeka mpira wa kwenda pampu humo na ritani nayo irudi humo humo, ukisahau ritani dumu litaisha mafuta yote yamekwenda tenkini. Gari ikilala na dumu na asubuhi ikawaka kwa stata moja, pampu yako nzima, ugonjwa uko kati ya filta na tenki. Na kwa sababu dumu liko juu, mafuta yanashuka kwa uzito wake, kama kuna tundu upande wa pampu litaanza kulowa wakati awali lilikuwa linanyonya tu.

Tukija juu ya injini, mipira ya ritani ya kwenye nozeli, ile myembamba, ndo inavuja zaidi kwa gari zinazoitumia, na dawa yake ni bei ya soda chache tu. Zile zenye paipu ya chuma ya ritani angalia washa zake. Kisha pampu: chini ya mkono wa eksileta, pale shafti inapotokea, kuna sili (mpira wa kuzibia) inachoka, na kwenye kichwa cha pampu kuna oringi kubwa. Hizo mbili peleka kwa fundi pampu mwenye meza ya kupimia, sio chini ya mwembe, mana uchafu kidogo ukiingia ndani ya pampu umeua kitu kizima.

Paipu za chuma zinazotoka pampu kwenda nozeli zina presha kubwa, hata injini ya zamani inapita bar 100, na zile za komoni reli (injini za kisasa zenye paipu moja ya presha inayolisha nozeli zote) zinafika bar 1,000 mpaka 2,000. USIPITISHE MKONO wala kidole kutafuta kinapovuja injini ikiwa imewashwa. Dizeli ya presha hiyo inapita kwenye ngozi kama sindano, unaona kanukta tu, hakaumi sana, baada ya saa kadhaa mkono umevimba na nyama inakufa ndani. Ikimtokea mtu asikae nyumbani kuweka barafu, apelekwe hospitali muda ule ule, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na amwambie daktari kwa kutamka kabisa kwamba dizeli ya presha imeingia ndani ya mwili, mana kwa macho jeraha linaonekana dogo na mtu anaweza kurudishwa na panado.

Njia salama ni kuzima, kukausha, kuzungushia kipande cha tishu kavu kwenye kila nati ya paipu mbali na mkanda na ekzosi, kuwasha dakika mbili tatu ukiwa umesimama pembeni, kuzima tena na kuangalia tishu ipi imelowa. Kwa komoni reli mi nashauri ukishaona palipolowa ishia hapo, mwachie mwenye vifaa, na ukitengeneza injini ya aina hiyo paipu ya presha iliyofunguliwa mara nyingi inatakiwa mpya. Kwa za zamani, kaza kwa spana mbili, moja inashika chini nyingine inakaza nati, bila nguvu za hasira, mana ukikaza kupita kiasi kichwa cha paipu kinapasuka. Na angalia kama zile kilipu zinazounganisha paipu na paipu zipo zote. Mafundi wengi wanaziacha wakishafungua, gari inatembea mwezi bila shida, afu mtikisiko unaikata paipu mkiwa porini baada ya Nangurukuru.

Kuna ile hali mafuta yanaisha haraka lakini kila mahali pakavu. Vuta stiki ya oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, imekuwa nyepesi na inanuka dizeli, mafuta yanaingia ndani ya injini, kwenye baadhi ya injini ni sili ya shafti ya pampu, nyingine ni ule mpira wa pampu ya kuvutia, nyingine nozeli. Gari hiyo usiitembeze hata kidogo, oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi.

Kutengeneza sasa. Mpira ununue wa mafuta, umeandikwa hivyo ubavuni, sio wa maji wala wa upepo, ule wa maji utavimba na kulainika. Kufunga na tyubu ya baiskeli kunakufikisha tu, dizeli inakula tyubu. Tenki likiwa linatoa jasho kwenye mshono na uko mbali na mji, futa kavu, sugulia sabuni ya mche kavu kwa nguvu mpaka ijae kwenye ufa, dizeli haiyeyushi sabuni, itakufikisha gereji, lakini maji ya mvua yataiondoa kwa iyo ni ya njiani tu. Kuchomelea tenki asikudanganye mtu kwamba la dizeli halilipuki, mvuke uliobaki ndani likipata moto unalipuka, lishushwe, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, na achomelee mtu anayejua kazi ya matenki. Washa za kopa weka mpya kila ukifungua, kama hamna kabisa ichome ya zamani mpaka iwe nyekundu, ipoe, isafishe, kopa inalainika inakaa upya.

Plaiwudi au godoro lililolowa dizeli litoe nje, usipoteze muda kupulizia manukato. Dizeli iliyomwagika chini funika na maranda ya mbao au mchanga, uzoe, na iwe mbali na kisima.

Ukimaliza osha tena, poda tena, endesha mpaka Mikindani na kurudi, angalia. Tandika boksi usiku. Kilipu za mipira mipya zikaze tena baada ya siku chache mana mpira ukipata joto unatulia na kilipu inalegea. Ndani ya gari weka mita moja ya mpira wa mafuta wa saizi yako, kilipu kama nne, washa za kopa za saizi za filta na ritani, na kipande cha sabuni, usiku ukikwama Somanga hakuna duka la spea lililo wazi.